Hita ya Bwawa Ikikataa Kuwaka

Poleni na baridi, hasa ninyi wa Karatu, Lushoto, Njombe na Makete, maana mwezi huu wa Julai najua mnaamka na ukungu mlangoni. Kama uko jikoni unasubiri chai ichemke, endelea tu na shughuli yako, sogeza redio karibu tuzungumze.

Leo ninajibu swali. Msikilizaji mmoja anayehudumia hoteli ndogo milimani anauliza hivi: bwawa letu la kuogelea lina hita ya gesi, wageni wanakuja, na hita imekataa kuwaka, tufanyeje? Swali hili limenigusa, kwa sababu kazi ya mabwawa ndiyo iliyonilisha miaka mingi kabla sijakaa mbele ya kipaza sauti hiki. Na wewe usiye na bwawa, tafadhali usiondoke. Kama bafuni kwako kuna ile hita ya gesi iliyotundikwa ukutani, au jikoni una oveni ya gesi, mengi ya leo yanakuhusu.

Nianze na jambo moja, na nitalirudia kabla hatujaagana. Hita ya gesi ikikataa kuwaka, mara nyingi imekatazwa. Kuna walinzi ndani yake. Mmoja anaangalia maji, mwingine anaangalia joto, mwingine hewa, mwingine moto wenyewe. Yeyote kati yao asiporidhika, gesi haifunguliwi. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni hili: ni mlinzi gani aliyekataa, na ameona nini?

Twende taratibu. Unapopandisha joto kwenye kidude cha kuchagulia joto, hita haikimbilii kuwasha moto. Kwanza inauliza: maji yanapita? Kuna swichi ndogo inayosukumwa na presha ya maji, mafundi wanaiita presha swichi. Maji yakipita vizuri, swichi inaruhusu umeme upite. Kisha zinaulizwa swichi za joto: maji yamezidi moto? Hayajazidi, sawa. Hita za kisasa zenye feni zinawasha feni kwanza, zinapuliza hewa kutoa mabaki ya gesi, halafu swichi nyingine inathibitisha kwamba hewa inapita. Ndipo kiwashi kinafanya kazi. Kuna viwashi vinavyotoa cheche, ule mlio wa tiki-tiki-tiki, na kuna vinavyoiva na kuwa vyekundu kama waya wa hita ya umeme. Gesi inafunguliwa, moto unashika, na hapohapo kuna kijiti cha chuma kilichowekwa ndani ya moto, ambacho kazi yake ni kusema: ndiyo, nauona. Kijiti kisipouona moto ndani ya sekunde chache, gesi inafungwa. Hita inajaribu tena, na ikishindwa mara kadhaa inajifunga kabisa na kuonyesha alama ya kosa.

Umeona mpangilio huo? Maji yako mwanzo, moto uko mwisho. Sisi tunapoitwa, tunaambiwa “moto hauwaki”, na macho yetu yote yanakwenda kwenye moto. Hapo ndipo fedha nyingi za watu zinapopotea.

Ngoja niwape kisa. Ilikuwa Julai kama hii, upande wa Karatu, kwenye nyumba moja ya wageni ambayo sitaitaja. Meneja alinipigia simu jioni, sauti imechoka. Siku ya tatu hita haiwaki. Wameshabadilisha kiwashi, wameshanunua gesi mpya, na sasa wameambiwa bodi ya umeme imeungua, waagize nyingine kutoka nje. Nikamwomba asiagize kitu. Asubuhi nikapanda gari.

Nilipofika sikufungua hita. Nilifanya jambo ambalo kijana wa pale aliliona la ajabu. Nilipiga magoti mlangoni mwa chumba cha pampu, nikainama mpaka pua ikakaribia sakafu, nikanusa. Kwa nini chini? Kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Propeni ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, buteni ni kama mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikaondoka, inatambaa chini kama maji na kukaa mahali pa bondeni. Na vyumba vyetu vya pampu vinajengwa wapi? Vingi vimechimbwa chini, vina ngazi za kushuka. Ni shimo lenye umeme ndani yake. Gesi ikifika sehemu 2 hivi katika kila 100 za hewa, cheche moja ya swichi inatosha.

Ukisikia harufu, msikilizaji, usiwashe taa, na kama inawaka usiizime. Usijaribu hita “mara moja tu”. Funga koki za mitungi kama ziko nje na unazifikia kwa usalama, fungua milango, toa watu, piga simu ukiwa mbali. Na hata pasipo harufu, hita ikishindwa kuwaka usibonyeze tena na tena. Ipe angalau dakika 5 gesi iliyobaki itoke. Fuata kitabu cha hita yako, kikisema zaidi, subiri zaidi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ile harufu tunayoiita harufu ya gesi ina historia ya uchungu. Gesi hizi zikisafishwa hazina harufu ya kuzitambua, harufu ile huongezwa. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule moja huko New London, Texas, nchini Marekani, gesi asilia ilivuja chini ya jengo bila mtu kunusa chochote. Mwalimu mmoja akawasha mashine ya umeme. Jengo likalipuka, wakafa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya msiba ule Texas ikatunga sheria ya kuitia gesi harufu. Kwa hiyo pua yako inaponusa ule uvundo kama wa vitunguu vilivyooza, yupo mtu aliyeuweka pale kwa makusudi, ili wewe utoke nje ukiwa mzima.

Turudi Karatu. Hakukuwa na harufu. Nikauliza: mara ya mwisho mmesafisha filta lini? Wakatazamana. Nikafungua kikapu cha pampu, kimejaa majani ya mkaratusi, yamelowa na kushikana kama ugali. Nikatazama geji juu ya filta ya mchanga, presha imepanda sana kuliko kawaida yake. Maana yake maji yanasukumwa lakini hayapiti. Nikaenda bwawani nikaweka mkono pale maji yanapotokea, nikasikia yanatoka kwa unyonge, kama mzee anayepanda mlima.

Basi, mlinzi wa maji alikuwa amekataa, na alikuwa na haki. Hita ikiwaka wakati maji yanapita kidogo, maji ndani ya mabomba yake ya shaba yanachemka kama kwenye sufuria. Shaba inaharibika, viunganishi vya plastiki vinalegea, na gharama ya kutengeneza inaweza kuzidi kununua hita nyingine.

Tukasafisha kikapu. Tukaosha filta kwa kupitisha maji kinyumenyume mpaka yakatoka meupe. Tukawasha pampu, maji yakatoka kwa nguvu. Kijana akafurahi akasema, sasa itawaka. Ikapiga cheche, tiki-tiki-tiki, ikanyamaza. Ikapiga tena, ikanyamaza. Moto haukuja.

Hapo nikashangaa kidogo. Kama shida ilikuwa maji, na maji yalikuwa hayapiti, siku zile tatu ilifikaje kwenye cheche? Maana meneja aliniambia kwamba cheche zilikuwa zinasikika. Nikafungua kifuniko, nikafuata waya mmoja mmoja. Nikakuta kipande cha waya mwekundu kimesokotwa kati ya ncha mbili za presha swichi. Fundi mmoja kati ya waliotangulia alikuwa ameipitisha dairekti. Alimwondoa mlinzi langoni, akaweka waya useme “maji yapo” usiku na mchana, yawepo yasiwepo.

Nataka niseme jambo hili kwa uzito wote nilio nao. Mafundi wenzangu, vijana wangu, kupiga dairekti swichi ya usalama ya mashine ya gesi ni hatari kwa maisha ya watu. Najua mteja anakusukuma. Najua kipuri hakipo mjini, au kipo kwa bei ya kuumiza. Mwambie ukweli, ondoka bila kulipwa kama ni lazima. Bwawa la baridi halijawahi kuua hoteli.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Nilitoa ule waya, nikarudisha swichi kazini. Nikafunga gesi, nikashusha ile sehemu ya pailoti, kile kimoto kidogo kinachowaka kwanza ili kiwashe vichomeo vikubwa. Katika hita ya aina ile, pailoti isipoonekana inawaka, gesi kubwa haifunguliwi. Nikachungulia kwenye kijibomba chake. Ndani kulikuwa na utando wa buibui, mweupe, laini kama pamba.

Buibui mdogo tu. Buibui wanapenda matundu membamba, yaliyotulia, na hita iliyokaa miezi ya joto bila kuwashwa ni nyumba nzuri kwao. Mahali pengine nimekuta nyigu amejenga kwa udongo kwenye tundu la hewa, na mahali pengine sisimizi wamehamia na mayai yao. Utando ule ulizuia hewa na gesi kuchanganyika, pailoti ikakosa kushika, na kwa hiyo siku tatu zote hita ile, iliyofungwa dairekti na isiyo na maji ya kutosha, haikuwaka. Kama si yule buibui ingewaka, na ingewaka wakati filta imeziba. Swichi ya joto ingeweza kuizima, lakini nani angetegemea mlinzi mmoja aliyebaki?

Nilisafisha kijibomba kwa brashi laini na hewa. Tafadhali usichokonoe tundu la gesi kwa sindano wala msumari. Matundu yale yametobolewa kwa kipimo, ukiyapanua kidogo tu moto unabadilika.

Na nikiwa kwenye matundu, niwaonye wanaonunua hita zilizotumika kutoka nje. Hita iliyotengenezwa kwa gesi asilia, kama ile ya Songo Songo iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, ina matundu makubwa kuliko ya gesi ya mtungi. Ujazo uleule wa gesi ya mtungi una nishati kama mara mbili na nusu ya gesi asilia. Ukiifunga hita hiyo kwenye mtungi bila kubadilisha vifaa vyake, moto unakuwa mkubwa mno, wa manjano, wenye masizi. Soma kibati kilichobandikwa kwenye hita, kinasema ni ya gesi gani. Na ninyi wa milimani, kumbukeni hewa ya huko ni nyepesi. Watengenezaji wengi wana maelekezo maalumu kwa sehemu zilizo juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na Karatu iko juu zaidi ya hapo kwa mbali.

Sasa gesi yenyewe. Je, mtungi mpya ni jibu? Mara nyingine ndiyo, mara nyingine umetupa pesa. Hita kubwa ya bwawa inaweza kula karibu kilo 9 za gesi kwa saa moja. Fikiria ule mtungi wako mdogo wa kilo 6 wa jikoni, hita hiyo ingeumaliza kabla ya saa kuisha. Na tatizo haliishii kwenye ukubwa. Ndani ya mtungi gesi iko kama maji, lazima igeuke mvuke ndipo itoke, na ili igeuke mvuke inanyonya joto la mtungi. Ukiivuta kwa kasi mtungi unapoa, unatoa jasho, hata barafu nyeupe inashika ubavuni. Presha inashuka na hita inazimika. Asubuhi ya baridi ni mbaya zaidi, hasa gesi ikiwa na buteni nyingi, kwa sababu buteni huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0 wakati propeni inaendelea mpaka baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo hita inayowaka mchana ikakataa alfajiri, au inayowaka dakika 10 ikafa, gusa mtungi wake kwa kiganja. Dawa yake ni mitungi mikubwa kadhaa iliyounganishwa pamoja, na regyuleta inayolingana na hita. Regyuleta ya jiko haitoshi. Na nawasihi, msiupashe mtungi kwa moto wala kwa makaa. Nimewahi kukuta watu wakifanya hivyo, na hadi leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Wewe wa hita ya bafuni, zamu yako imefika. Unafungua maji ya moto, kimya? Anza kama tulivyoanza Karatu, anza na maji. Hita zile nyingi huwashwa na msukumo wa maji, na kama tangi lako liko chini au kichujio cha bomba kimejaa mchanga, msukumo hautoshi kuamsha swichi. Maji yanapita vizuri lakini cheche haisikiki? Tazama betri. Nyingi zina betri mbili kubwa, zile za tochi za zamani, zimefichwa chini kwenye kisanduku. Watu wameita fundi na kulipa nauli yake kwa ajili ya betri. Cheche ipo, moto haupo? Mtungi, koki, regyuleta.

Na kuna lile la pailoti inayowaka ukibonyeza kitufe, ukiachia inazima. Hilo nalipenda, maana lina uganga mzuri ndani yake. Mwaka 1821 mtaalamu mmoja, Thomas Seebeck, aligundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti na kupasha joto pale zinapoungana, nguvu ya umeme huzaliwa. Kijiti kinachoitwa themokapo kinafanya hivyohivyo. Kinakaa ndani ya pailoti, kinapata joto, kinazalisha umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaoshikilia mlango wa gesi ukae wazi. Moto ukizimika, kijiti kinapoa, umeme unakwisha, mlango unajifunga wenyewe. Hakihitaji betri wala umeme wa TANESCO. Kwa hiyo ukiwasha, shikilia kitufe kama nusu dakika hadi dakika nzima kijiti kipate moto. Ukiachia na bado inazima, huenda kijiti kina masizi, kimelegea, hakiguswi na moto, au kimechoka. Ni kipuri cha bei ndogo, kibadilishwe.

Limebaki moja, nalo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Tumesema juu ya hita isiyowaka. Sasa imewaka. Moshi wake unakwenda wapi?

Mnaopenda tenisi mnaweza kumkumbuka Vitas Gerulaitis, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya wazi ya Australia mwaka 1977. Septemba 1994 alikuwa mgeni kwa rafiki yake huko Southampton, jimbo la New York. Alilala katika nyumba ndogo ya wageni. Hita ya bwawa la kuogelea ilikuwa imefungwa vibaya, hewa yake ya sumu ikapenya hadi ndani alimolala. Hakuamka. Alikuwa na miaka 40.

Hewa hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hakuna anayeitia harufu kama wanavyoitia gesi ya mtungi. Inatokea moto unapokosa hewa ya kutosha au moshi unapokosa pa kutokea. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unadhani ni uchovu wa safari, unajilaza. Ndiyo maana hita ya bwawa haijengewi banda la mabati lililozibwa pande zote, hata kama unaogopa mvua au wezi. Ndiyo maana dohani haikatwi fupi, haielekezwi dirishani, na haizibwi na kiota cha ndege. Na wewe wa bafuni, kitundu cha hewa ulichokiziba kwa gazeti kwa sababu ya baridi, kizibue leo. Hita ya kawaida ya gesi isiyo na dohani haifai kufungwa ndani ya bafu unamooga na kufunga mlango.

Nilisema nitarudia, narudia. Hita ikikataa, kuna mlinzi aliyekataa. Nusa chini kwanza. Kisha maji: kikapu, filta, msukumo. Kisha gesi: koki, mtungi, regyuleta. Kisha cheche na pailoti. Kufungua vali ya gesi, kupima presha yake, kugusa bodi, hayo mwachie fundi mwenye vifaa na ujuzi. Kaguzi zako zinaishia pale unapohitaji bisibisi kwenye bomba la gesi.

Na Karatu? Tulirudisha pailoti mahali pake, tukafungua gesi, tukapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio tulichogusa kutazama kama litavimba. Halikuvimba. Nikamwambia yule kijana awashe yeye. Tiki-tiki, pailoti ikashika, kisha vichomeo vikashika kimoja baada ya kingine, vuu, moto wa buluu uliotulia. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima nikitazama rangi yake na kugusa mitungi. Kabla sijaondoka meneja aliniomba ule waya mwekundu. Akaugongelea kwa msumari kwenye mlango wa chumba cha pampu, kwa ndani, usawa wa macho.

Mimi nawaaga hapo, wasikilizaji. Msikilizaji wetu wa milimani, nitumie ujumbe uniambie filta uliikutaje.